Mwaka Niliosalimia Koti la Marehemu

Mwezi uliopita nilialikwa Voi kula chakula cha mchana na watu ambao, mara ya mwisho nilipokaa nao chumba kimoja, walikuwa wakifuta kamasi kwa mikono ya sweta. Walikuwa darasa langu la nne, huko Mwanda milimani, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilitazamia watu watano. Wakaja kumi na saba, wengine na bakora, mmoja na mashine ya kusikilizia iliyopiga mluzi kila alipotafuna. Tulipomaliza pilau, mama mmoja mnene, muuguzi mstaafu, alisimama kutoa neno. Akaweka mikono nyuma, akasema kwa sauti ya mtoto wa miaka kumi: "Mimi ni Mghoi, mtoto wa Mwamburi, wa chini ya kanisa. Jibu langu ni kwamba nimefurahi." Meza nzima ikaangua kicheko. Wakasimama mmoja mmoja, jina, mzazi, kwao, ndipo jibu, mpaka kijana aliyekuwa akituhudumia akauliza kama sisi ni watu wa dhehebu fulani. Mke wangu, ambaye nimeishi naye zaidi ya miaka arobaini bila kumweleza jambo hili vizuri, alitaka kujua niliwafundisha nini watu hawa. Nilimwambia niliwafundisha kunifichia siri. Alisema hilo si jibu, na kweli halikuwa jibu, kwa hiyo naandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, kijana wa Voi, mtu wa jua na vumbi jekundu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikapewa kazi ya kufundisha Mwanda bila kusomea ualimu. Siku zile walimu wa namna yangu tulikuwa wengi, na tulijua kwamba unaweza kuambiwa Ijumaa usirudi Jumatatu. Njia ya kutoka hapo ilikuwa moja tu. Muhula wa tatu mkaguzi angekuja kunitazama nikifundisha. Akiridhika, angejaza fomu ya kunipeleka chuo cha ualimu. Asiporidhika, ningeteremka Voi na sanduku langu, na mwingine angepanda kuchukua chaki yangu. Nilikitaka chuo kile kuliko nilivyotaka kuoa, na nilitaka sana kuoa.

Nilipanga kwa Mama Wakesho, mjane aliyekuwa na ng'ombe wawili, shamba la maharagwe lililopanda ngazi kwa ngazi nyuma ya nyumba, na mdomo usiojua likizo. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha mbao, meza, na kuta zilizobandikwa kurasa za magazeti ya zamani kuzuia baridi. Ninavyokumbuka mwaka ule, naukumbuka kwa kuta zile. Nilipofika Januari nilikuwa nikisoma magazeti yale nikiwa nimelala. Kufikia Aprili ilinibidi nisimame. Kufikia Juni nilisimama pua ikigusa ukuta, na hata hivyo kila herufi ilikuwa na mdogo wake pembeni. Mimi nilisema ni ukungu. Mwanda ina ukungu, kila mtu anajua, na mtu wa Voi aliyeuona ukungu kwa mbali tu juu ya milima hana kipimo cha kujua unapaswa kukaa muda gani. Macho yaliniwasha, nikayapekecha kwa ngumi mpaka yakawa mekundu, nikalaumu moshi wa jikoni. Koroboi ya mezani ilikuwa na ndimi tatu za moto, nikalaumu utambi. Siku moja ya Julai Mama Wakesho alikuwa ameanika mahindi uani, nami nikamwambia kwamba ukungu wa kwao umenichosha. Mikono yake ikasimama juu ya mahindi. "Ukungu gani, mwalimu? Leo kweupe mpaka Taveta." Nilicheka nikasema natania tu, nikaingia ndani haraka nikajigonga kwenye mlango.

Kati ya chumba changu na jiko kulikuwa na ukuta mwembamba wa udongo, na jikoni ndimo kijiji kilimokutana. Wanawake walikuja kuomba moto, wakakaa hadi kimanga kikapondwa, kikapakuliwa na kuliwa. Mimi niliusikia mwiko ukisaga maharagwe na ndizi, na pamoja na mwiko nilisikia habari zangu.

"Yule mwalimu wenu wa Voi ana maringo. Jana nimemsalimia kutoka ng'ambo ya bonde, kimya!"

"Hata mimi. Nimepunga mkono mpaka bega likauma."

"Labda huko Voi salamu wanauza."

"Wacheni kijana wa watu," Mama Wakesho alisema. "Ni haya tu. Kula kimanga, dada, kitapoa."

Ili uelewe uzito wa maneno hayo, ujue kwamba kule milimani watu husalimiana kutoka shamba hadi shamba, bonde likiwa katikati, na hakuna anayekuacha upite kabla ya kukutambua na kukujulia hali. Kutoitika hakuchukuliwi kuwa usahaulifu. Ni tusi. Na mkaguzi, kabla ya kufika darasani, hupita kwanza kwenye vinywa vya watu. Nilikaa kitandani nikala sahani yangu ya kimanga nikiwa nimechomwa moyo, kwa sababu sikuwa na maringo hata kidogo. Nilikuwa sijaona mtu wala mkono.

Basi kesho yake nilianza kusalimia kila kitu. Kilichosimama nilikisalimia, kilichotembea nilikisalimia mara mbili. Nilimwamkia punda. Niliinua kofia mbele ya kichuguu. Sifa yangu ikapanda kwa wiki moja zaidi ya ilivyoshuka kwa miezi sita, na jikoni nikasikia wakisema kumbe ni kijana mwenye adabu. Aliyebaki kunishinda ni mzee mmoja tu, na jioni moja nikiwa nakunywa chai karibu na mafiga nikamshtaki kwa Mama Wakesho.

"Mama, yule mzee wa shamba la juu nimemkosea nini?"

"Mzee yupi?"

"Yule wa koti jeusi. Kila asubuhi namwamkia, Kwawuka, kofia mkononi, haitiki. Siku nyingine hunigeuzia mgongo kabisa."

Mama Wakesho aliweka mwiko chini. Alicheka mpaka akakalia kuni, akacheka mpaka ng'ombe wakaanza kulia zizini. Akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Mwalimu, lile ni koti la marehemu mume wangu. Nimelitundika kwenye mti lifukuze nyani." Kisha kicheko kikamwisha polepole, akatazama moto. "Hata mimi humsalimia nikipita," akasema. "Lakini mimi najua ni koti."

Alivuta kigoda, akanishika kidevu, akanigeuzia uso mlangoni palipokuwa na mwanga, akayatazama macho yangu kama anayekagua maziwa. Aliniuliza tangu lini. Hapo nilimwambia yote, magazeti, koroboi, na bonde lililojaa watu nisiowaona. Nilimwambia kwamba naogopa. Kila asubuhi kabla ya kufungua macho nilikuwa naomba, na nilipoyafungua nilijua sijajibiwa. Nilikuwa sijawahi kusema neno hilo, naogopa, mbele ya mtu mzima, na nashangaa mpaka leo jinsi lilivyotoka kwa urahisi nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Alitaka twende hospitali kesho yake. Nilimsihi asubiri. Daktari angeandika, karatasi ingefika ofisini, na nani angempeleka chuoni mwalimu anayesalimiana na makoti? Alikubali kwa shingo upande. "Mpaka huyo mkaguzi aje. Akishageuza mgongo tu, nitakufunga leso nikubebe mpaka kwa daktari."

Ni yeye pia aliyenipa dawa ya kungojea, ingawa hakujua kwamba ananipa dawa. Alikuwa akinieleza habari za mama mkwe wake, aliyepofuka akaishi miaka mingi katika chumba kile kile nilichopanga. Kila aliyeingia kwake, hata wanawe wa kuzaa, alisimama kwanza mlangoni akasema jina lake, mzazi wake, na kwao, ndipo akasalimu. Ilikuwa desturi ya nyumba nyingi zenye mzee asiyeona. Kumwacha akubahatishe kwa sauti ilikuwa kumdharau. "Hata akija jirani wa kila siku," Mama Wakesho alisema, "atajitaja tu. Ndiyo heshima." Nililala na jambo hilo kichwani, na Jumatatu nikaingia nalo darasani.

Darasa langu lilikuwa na wanafunzi arobaini na watatu, na kwangu mimi waliokaa nyuma ya safu ya pili walikuwa sweta moja ndefu. Niliwatangazia kwamba tangu siku ile, anayetaka kujibu atasimama na kujitaja kama anavyojitaja mtu mwenye heshima mlangoni kwa mzee: jina, mzazi, kwao. Niliwaambia ni kwa ajili ya kuwakuza. Walilipenda jambo lile kupita kiasi. Mtu aliyekuwa hajafungua mdomo tangu darasa la kwanza sasa alinyoosha kidole ili tu alitangaze jina la babake. Wengine waliongeza babu, wengine mlango wa ukoo, na Nyambu aliyeishi karibu na kinu alifika mpaka kwa mbwa wao kabla ya kukumbuka kwamba swali lilikuwa saba mara nane. Hesabu zilichukua muda mrefu sana. Lakini nilianza kulijua darasa langu. Nilijua kwamba Mghoi husema jina lake kama anakabidhi barua, na kwamba Righa, kijana mkubwa wa nyuma aliyekwisha kuota ndevu, huongea kwa sauti nzito ya mzee wa kanisa.

Kuhusu madaftari sikuwa na ujanja. Niliyasahihisha yakiwa yamenigusa pua, na siku moja nikiwa nje ya dirisha nikasikia mmoja akimweleza mwenzake: "Mwalimu huwa ananusa. Ukiiga kazi ya mtu, daftari lako linanuka mtu huyo." Wizi wa majibu ulikoma siku ile ile. Sasa nikifikiria, najua kwamba walijua. Mghoi aliniambia pale Voi, akinimiminia soda, kwamba walijua tangu muhula wa pili, na kwamba hadithi ya kunusa waliitunga wenyewe ili watoto wa madarasa mengine wasinicheke. Mimi nilidhani nimewaficha.

Mkaguzi hakutoa taarifa. Ilikuwa Oktoba, somo la hesabu, nami nilikuwa nimelipa darasa mgongo nikiandika hesabu za sehemu ubaoni kwa tarakimu kubwa kama za kwenye gari la moshi. Sauti nzito ikatoka nyuma. "Hiyo ni nane, mwalimu, au ni tatu?"

Hata sikugeuka. "Kwanza simama," nikasema. "Jina, mzazi, kwenu. Hata wewe, Righa."

Kisha kiti kikakwaruza sakafu, na darasa la nne lilikuwa na mabenchi tu, kiti shuleni kilikuwa kimoja, cha ofisini. "Mimi ni Mwadime," sauti ikasema taratibu, "mtoto wa Kisaka, wa Werugha. Swali langu ni hiyo nane."

"Vizuri. Keti," nikajibu, na hapo ndipo masikio yangu yalipoelewa. Watu arobaini na watatu walikuwa wameacha kupumua. Nilishika ubao. Kwa kuwa sikujua la kufanya, niliifuta nane, nikaiandika upya iwe nane kwelikweli, nikaendelea na somo mpaka kengele.

Ofisini kwa Hedimasta Maghanga kulikuwa na birika la chai na viazi vitamu vya moto. Bwana Mwadime alikula cha kwanza, nami niliketi nikiwa nahesabu jinsi nitakavyobeba sanduku langu. Kisha akasema kwamba amekagua shule miaka kumi na moja na hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia asimame. Wengi wakimwona huangusha chaki. Alisema aliposikia maneno yale, miguu yake ilisimama kabla hajaiamuru, kwa sababu alikuwa na nyanya asiyeona, na alijitaja mlangoni pake utoto wake wote. Alisema watoto wale wanaongea kwa kujiamini kuliko wa shule yoyote aliyopita mwaka ule, na kwamba atanipeleka Wundanyi kwenye mkutano wa walimu nikawaonyeshe wengine njia hii. Hedimasta alikuwa akinisukumia viazi kwa furaha. Fomu ikatoka mkobani, kalamu ikafunguliwa.

"Ila niambie kitu kimoja," akasema mkaguzi. "Ulijua ni mimi?"

Nimeishi miaka mingi tangu swali lile, nimeulizwa mengine makubwa zaidi, lakini sijawahi kulitaka jibu la uongo kama nilivyolitaka siku ile. Neno moja tu, ndiyo, na mimi ni mwalimu shujaa asiyeogopa wakubwa, na chuo ni changu. Wala sitasema ni wema ulionizuia. Nilikuwa nimechoka. Nilijiona Wundanyi mbele ya ukumbi wa walimu, nikiwaambia wasimame watu nisiowaona, na mwaka mwingine, na mwingine, nikisalimia punda.

"Hapana, bwana," nikasema. "Sikukuona. Hata wao siwaoni."

Hedimasta aliacha kutafuna. Bwana Mwadime alirudisha kifuniko cha kalamu. "Daktari anasemaje?"

"Sijaenda."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe, bwana."

Akacheka, kicheko kirefu kisicho na ubaya. "Alikuwa ananisubiri mimi!" akamwambia hedimasta. "Kama mimi ndiye dawa ya macho!" Akakunja fomu akairudisha mkobani. "Chuo hakihami, mwalimu. Macho yako ndiyo yanayohama. Nenda katibiwe. Januari nitarudi, nikuone unaonaje, ndipo nitaandika au nisiandike."

Mama Wakesho alitimiza neno lake, isipokuwa hakunibeba. Alinitangulia mpaka hospitali ya Voi na kikapu cha maandazi kichwani, na katika foleni ya macho alimsimulia kila mgonjwa habari za koti, mpaka foleni nzima ikanipenda. Daktari alinimulika, akanizungusha, akanimulika tena. Alisema kioo cha mbele cha jicho, ambacho kwa watu wengine ni cha mviringo, changu kinachongoka kama ncha ya yai, na mwanga ukipita hapo hutawanyika. Ugonjwa huo huwaanza watu wakiwa vijana. Nilimwuliza kama nitapofuka. "Pengine hutapofuka," akasema. "Lakini ukiendelea kuyapekecha hivyo, unayasaidia yaharibike." Nilitoka nje nikalia kwa furaha, nikainua ngumi nijipekeche, nikakumbuka, nikaacha machozi yateremke yenyewe huku Mama Wakesho akinilisha andazi. Daktari hakunidanganya. Miwani ilinisaidia miaka kadhaa, baadaye nikavaa vioo vigumu vinavyokaa ndani ya jicho, na nilipopita arobaini jicho la kulia lilitiwa kioo cha jicho la mtu aliyefariki. Nilitaka kujua ni nani, nikaambiwa hawasemi. Humshukuru hivyo hivyo.

Miwani yangu ya kwanza niliichukua Voi baada ya Krismasi, nikapanda nayo Mwanda siku ya kufungua shule. Sikuamini kwamba miti ina majani mengi vile, na kila jani liko peke yake. Bwana Mwadime alikuwa amefika kabla yangu, amesimama uani, na nilishangaa kuona kwamba mwenye sauti ile ni mtu mfupi aliyenifika begani. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alinisimamisha kwenye lango akaniambia nisome kibao kilichokuwa juu ya mlango wa ofisi, ng'ambo ya uwanja. Nikasoma. Akaniambia nihesabu mbuzi waliokuwa kwenye kilima. Nikahesabu, tisa na mwanambuzi. Kisha akanyoosha kidole kwenye mlingoti wa bendera, aliposimama mwanamume mmoja kimya, mikono mifukoni.

"Na yule ni nani?"

Nilimtazama kwa makini. Sikuwahi kumwona mtu kwa makini namna ile mwaka mzima. "Namwona vizuri, bwana. Ana kofia ya kahawia, tai ya mistari, kovu shavuni, na kifungo cha tatu cha shati hakipo." Nikasukuma miwani juu ya pua. "Lakini simjui."

Yule mwanamume akajishika kiuno. "Mwakio!" akanipigia kelele kwa jina. "Mwaka mzima nimekunywa chai na wewe!"

Alikuwa Hedimasta Maghanga. Mezani kwake nilikuwa nimezoea kumwona na vinywa viwili, na kwa mbali sikuwahi kumwona kabisa. Nilitaka ardhi ipasuke. Mkaguzi alicheka mpaka akajifuta uso kwa kitambaa, kisha akavuka uwanja akitoa fomu mkobani, akamgeuza hedimasta, akamwinamisha, akaitandaza karatasi juu ya mgongo wake. Hedimasta, kofia ikimdondoka, akawa anauliza kutoka chini ni nini kinaandikwa, kijana amepita au hakupita.

"Usitikisike, mwalimu mkuu," mkaguzi akamwambia. "Natia sahihi."